Kipimo kinachong'aa gizani: mwongozo kamili wa kupima maambukizi kwa CRISPR na lusiferesi pale pale alipo mgonjwa

Mgonjwa kaja zahanati ana homa na vipele, na mhudumu anatakiwa aamue muda huo huo, hii ni Mpox au ni tetekuwanga tu? Kwa macho hizi mbili zinachanganya sana hasa kwa watoto, na PCR (kipimo cha maabara kubwa kinachozidisha vinasaba) iko mbali, swabu inapanda gari, jibu linarudi siku kadhaa baadaye wakati mgonjwa kashalala chumba kimoja na ndugu zake wote. Tarehe 14 Agosti 2024 WHO walipotangaza Mpox kuwa dharura ya kimataifa, aina ya Ib iliyoanza kuonekana Kamituga kule Kivu Kusini ilikuwa imeshavuka mipaka na kuingia Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Kwa hiyo nikisema tunahitaji kipimo kinachojibu mgonjwa akiwa bado kwenye benchi, nadhani tunaelewana.

Mwongozo huu ni wa watu wa maabara, wanafunzi wa bayoteknolojia na yeyote mwenye kijimaabara kidogo anayetaka kujenga kipimo cha namna hii toka mwanzo. Nitatumia Mpox kama mfano kwa sababu kirusi chake ni cha DNA, kwa hiyo tunaruka hatua ya kugeuza RNA kuwa DNA, ila njia ni ile ile kwa TB, kwa malaria, kwa chochote chenye vinasaba. Na niseme mapema kabisa: kufanya kitu king'ae sio sehemu ngumu. Ugumu uko kwenye kuchagua unalenga wapi kwenye jeni, kwenye sampuli, na kwenye kontroli (tyubu za kuhakiki kama kipimo chenyewe kinafanya kazi), ndo maana huko nitakaa sana.

Kwanza elewa kinachotokea ndani ya tyubu

CRISPR wengi wanaijua kama mkasi wa kuhariri jeni, ile kazi ya mwaka 2012 iliyowapa Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier Nobeli ya kemia mwaka 2020. Cas9 inabeba kipande cha RNA elekezi, inatembea juu ya DNA ikitafuta herufi 20 zinazofanana na RNA yake, na pembeni ya herufi hizo lazima kuwe na alama inayoitwa PAM, ambayo kwa Cas9 ya kawaida ni NGG, yaani herufi yoyote halafu G mbili. Ikipata, inakata.

Sisi hatutaki ikate. Tunatumia dCas9, ambayo imebadilishwa sehemu mbili za protini (wataalamu wanaandika D10A na H840A) ikabaki na uwezo wa kutafuta na kung'ang'ania tu. Hapo ndo njia yetu inatofautiana na vipimo vingine vya CRISPR, SHERLOCK ya mwaka 2017 inayotumia Cas13 na DETECTR ya 2018 inayotumia Cas12a, maana zile zinategemea kimeng'enya kikishapata shabaha kianze kukatakata ovyo vipande vingine vilivyowekewa rangi, na kuisoma hiyo rangi unahitaji taa maalumu ya kuimulika au ufungue tyubu udumbukize kijiti cha mistari.

Mwanga wenyewe unatoka kwa NanoLuc, lusiferesi (yaani kimeng'enya kinachotoa mwanga) iliyotengenezwa kutokana na ile ya kamba wa bahari ya kina, Oplophorus gracilirostris. Ni ndogo, kilodaltoni 19 tu, wakati ya kimulimuli ni 61, na haihitaji ATP (nishati ya seli), inahitaji chakula chake kinachoitwa furimazini na oksijeni basi, inatoa mwanga wa bluu wa karibu nanomita 460. Sasa NanoLuc imepasuliwa vipande viwili, kikubwa LgBiT na kidogo SmBiT chenye asidi amino 11. Vikiwa mbalimbali havitoi mwanga wa maana, na vyenyewe havipendani sana, nguvu yao ya kushikana ni dhaifu (Kd, kipimo cha kushikana ambacho kikiwa kikubwa maana yake ni udhaifu, ni maikromola 190), kwa hiyo ukiviweka kwa kiwango cha nanomola chache havikutani ovyo. Funga LgBiT kwenye dCas9 moja, SmBiT kwenye dCas9 nyingine, kila moja mpe RNA yake elekezi inayolenga sehemu mbili zilizo jirani kwenye jeni la kirusi. Kirusi kikiwepo, dCas9 zote mbili zinakaa jirani, vipande vya NanoLuc vinaungana, tyubu inawaka. Ni kama kufuli la funguo mbili, funguo moja haifungui.

Huu mfumo unaitwa LUNAS, umetoka Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven, Uholanzi, kwenye kundi la Maarten Merkx, na kazi yao wakiwa na Harmen van der Veer ilichapishwa 2023 kwenye ACS Central Science. Wao walipima virusi vya korona kutoka kwenye swabu za pua bila hata kuchuja RNA, na sampuli zenye nakala kama 200 kwa maikrolita zilionekana ndani ya dakika 20 hivi. Kila kitu kwenye tyubu moja iliyofungwa. Hilo la tyubu iliyofungwa lishike, nitalirudia.

Vitu vya kuandaa

Unahitaji protini mbili (dCas9 yenye LgBiT na dCas9 yenye SmBiT), RNA elekezi mbili, kifurushi cha RPA (njia ya kuzidisha DNA, tutaiona hatua ya 2), furimazini, na lusiferesi nyingine ya kulinganishia ambayo ni NanoLuc nzima iliyounganishwa na protini ya kijani ya mNeonGreen ili itoe kijani badala ya bluu. Plasmidi (viduara vya DNA vyenye maelekezo ya kutengeneza protini) za dCas9 zinapatikana Addgene, hazina ya plasmidi za watafiti, zile zilizounganishwa na LgBiT na SmBiT wasiliana na watafiti wenyewe au ziunganishe mwenyewe kama una mtu wa klonu. Protini zinazalishwa ndani ya E. coli, zinasafishwa kwa kolamu ya nikeli kwa sababu zina mkia wa histidini, halafu unazigawa vidogo vidogo na kuziweka friza ya nyuzi hasi 80. Usigandishe na kuyeyusha mara nyingi, kila mzunguko unakula nguvu ya protini.

Halafu friji, friza, pipeti nzuri (seti nzima, ukiweza seti mbili), hita ndogo ya tyubu inayoshika nyuzi 39, na simu yenye kamera inayokubali kuongozwa kwa mkono. Kuhusu NanoLuc, hataza ni ya kampuni ya Promega, kwa utafiti hakuna shida kubwa ila ukifika kuuza lazima mzungumze leseni, na ni bora ulijue leo kuliko siku una maboksi elfu moja tayari.

Na kibali. Kuzalisha protini kwenye bakteria waliobadilishwa jeni kunahitaji ruhusa ya kamati ya usalama wa kibayolojia ya taasisi yako, na kugusa sampuli za wagonjwa kunahitaji kibali cha maadili, Tanzania unapitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), Kenya unapitia kamati ya maadili iliyoidhinishwa halafu NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi). Anza hiyo karatasi siku unayoagiza vitendanishi, sio baadaye.

Hatua ya 1: Chagua pa kulenga, na hapa usiwe na haraka

Hii ndo hatua inayoua vipimo vingi. Chukulia Mpox yenyewe. Kulikuwa na PCR ya siku nyingi ya kutambua kundi la kwanza la Mpox (clade I, ambalo Ib ni tawi lake), ile iliyokuwa inalenga jeni la C3L, siku hizi wanaliita OPG032. Aina ya Ib ilipotokea Kongo, kipande hicho kilikuwa kimefutika kwenye kirusi. Kipimo kikasema hamna kundi la kwanza, wakati lipo. Na kabla ya hapo, mwaka 2022, CDC ya Marekani (kituo chao cha kudhibiti magonjwa) ilitoa tahadhari kwa maabara kwamba kuna wagonjwa ambao kirusi chao kimepoteza sehemu ya jeni la kipokezi cha TNF ambalo vipimo vingine vilikuwa vinalilenga. Wenzetu wa malaria wanalijua hili vizuri sana, vipimo vya haraka vinavyotafuta protini ya HRP2 vinapita patupu kwa vimelea vilivyofuta jeni la hrp2, Eritrea ililazimika kubadilisha kipimo kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo sheria ya kwanza, lenga sehemu mbili tofauti za jenomu, kila moja na tyubu yake, sio moja. Sheria ya pili, kwa virusi vya jamii hii kaa katikati ya jenomu. Jenomu ya Mpox ina urefu wa herufi kama 197,000 na pembeni pembeni ndiko mambo yanakobadilika sana, vipande vinafutika, vinajirudia. Katikati kuna majeni kirusi hakiwezi kuishi bila hayo, kama lile la kunakili DNA yake.

Pakua jenomu nyingi uwezavyo kutoka GenBank, hazina ya wazi ya jenomu mtandaoni, hasa za Kongo, Burundi, Uganda, za miaka ya karibuni, zipange pamoja kwa programu ya MAFFT halafu tafuta eneo la herufi 100 hadi 200 lisilobadilika. Ndani yake unatafuta PAM mbili zilizokaa jirani. Hapa kuna kazi maana jenomu ya Mpox ina G na C chache, asilimia 33 hivi, NGG hazijajaa kama unavyotaka.

Na kuna mtego mmoja ambao sioni watu wakiuongelea. Kirusi hiki kikizunguka kwa binadamu, kinga yetu ina kimeng'enya kinaitwa APOBEC3 ambacho kinakihariri, na alama yake inajulikana, TC inageuka TT, na ukiangalia upande wa pili wa DNA, GA inageuka AA. Sasa tazama PAM yako. Kama ni NGG halafu herufi inayofuata ni A, ile G ya mwisho iko hatarini kugeuka A, na ukishapata NGA badala ya NGG, dCas9 yako haishiki tena, tyubu inabaki giza, mgonjwa anaambiwa mzima. Kwa hiyo chagua PAM ambayo haifuatwi na A. Herufi 10 zilizo karibu na PAM nazo ziangalie kwa jicho hilo hilo, ndizo dCas9 inazozijali zaidi.

Umbali kati ya dCas9 mbili na upande kila moja inaoangalia vinaamua kama LgBiT na SmBiT zitafikiana. Usibahatishe, tengeneza jozi tatu nne za RNA elekezi zenye umbali tofauti, zijaribu zote kwenye DNA bandia, chukua inayowaka zaidi. RNA elekezi ni bei ndogo ukilinganisha na muda utakaopoteza kuganda na jozi mbovu.

Mwisho zipitishe BLAST, programu ya kulinganisha mfuatano wa herufi za DNA, kuona kama hazifanani na jenomu ya binadamu, na virusi vya tetekuwanga, na malengelenge, na ule ugonjwa wa vipele wa molluscum, maana ndio wanaokuja zahanati na sura ile ile.

Hatua ya 2: Praima za RPA

RPA inazidisha DNA kwenye joto moja, nyuzi 37 hadi 42, bila mashine ya kupandisha na kushusha joto. Ina protini zinazofungua DNA na kupenyeza praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili), na nyingine inaendelea kunakili. Praima zake ni ndefu kuliko za PCR, herufi 30 hadi 35. Urefu wa kipande kinachozalishwa weka kati ya 100 na 200, kifupi zaidi kinakuwa haraka. Kumbuka sehemu zote mbili za RNA elekezi ziwe ndani ya kipande na zisipandiane na praima, la sivyo praima zikijizidisha zenyewe kwa zenyewe (na RPA inapenda sana ujinga huo) unaweza kupata mwanga wa uongo.

Agiza praima za mbele nne na za nyuma nne, zijaribu zote kwa kupishana, jozi 16. Najua ni nyingi, ila RPA haitabiriki kwa kompyuta kama PCR, lazima uione ikifanya kazi.

Hatua ya 3: Anza na DNA bandia, sio mgonjwa

Agiza kipande cha DNA bandia chenye eneo lako la kulenga, herufi 300 mpaka 500 zinatosha. Hakiambukizi, hakihitaji kabati la usalama, mwanafunzi anaweza kukishika. Kipunguze makali kwa kumi kumi, nakala 100,000 kwa maikrolita, 10,000, 1,000, 100, 10, na moja isiyo na kitu.

Hili fanya chumba kingine kabisa, mbali na pale unapochanganya vitendanishi. Tyubu moja ya DNA bandia iliyokolea ikimwagika mezani, utapata majibu ya ndiyo mwezi mzima.

Hatua ya 4: Mchanganyiko wenyewe

Kwanza unganisha kila dCas9 na RNA yake, tyubu mbili tofauti, joto la chumba, dakika 10. Usizichanganye protini mbili kabla ya kila moja kushika RNA yake, zitagawana ovyo, utajikuta LgBiT na SmBiT zote zinakwenda sehemu moja na kugombania.

Kisha kifurushi cha RPA. Vile vya unga uliokaushwa vinakuja kwenye tyubu ndogo, kwa ujazo wa maikrolita 50 unaweka bafa maikrolita 29.5, praima maikrolita 2.4 kila moja kutoka kwenye maikromola 10, halafu protini zako, kilinganishi cha kijani, furimazini, sampuli na maji mpaka ifike 47.5. Zilizobaki 2.5 ni magnesiamu aseteti ya milimola 280, na hiyo inawekwa mwisho kabisa kwa sababu ndiyo inayowasha RPA. Kijanja zaidi iweke kwenye kifuniko cha tyubu, funga, halafu zungusha kwenye sentrifyuji ndogo tyubu zote zianze kwa pamoja, maana ukiweka moja moja ya kwanza inakuwa imetangulia dakika kadhaa.

Kiwango cha protini anza kupima kuanzia nusu nanomola hadi 10. Ukizidisha, mwanga wa nyuma unapanda hata bila kirusi. Kilinganishi cha kijani kinatakiwa kidogo sana, maana kile ni NanoLuc nzima inawaka muda wote, ukikiweka kingi kinameza bluu yote na kinakula furimazini.

Furimazini yenyewe haipendi mwanga wala joto, ikae friza, gizani, itoke dakika ya mwisho. Ikikaa mezani inajiharibu yenyewe pole pole na inatoa mwanga kidogo hata bila lusiferesi.

Baada ya dakika nne hivi toa tyubu, itikise, izungushe, irudishe. Mchanganyiko wa RPA ni mzito kama uji mwepesi na kama nakala za kirusi ni chache zinabaki zimekwama kona moja. Watu wanaruka hili halafu wanashangaa mbona sampuli dhaifu leo imewaka na jana haikuwaka.

Hatua ya 5: Kusoma mwanga

Chukua boksi gumu, lipake rangi nyeusi isiyong'aa ndani, toboa tundu la kamera, ziba kila ufa kwa gundi nyeusi ya fundi umeme. Hita iwe ndani ya boksi na kile kitaa chake chekundu kizibe. Simu iweke kwenye mpangilio wa mkono: ISO isibadilike, muda wa kufungua lenzi sekunde 10 hadi 30, rangi nyeupe isijirekebishe yenyewe, na picha ihifadhiwe RAW (ghafi, bila simu kuirekebisha) kama simu inakubali. Hilo la rangi kujirekebisha ni muhimu mno, kwa sababu sisi tunasoma uwiano wa bluu kwa kijani na simu za siku hizi zinajitahidi kuipendezesha picha.

Kwa nini uwiano? Kwa sababu mwanga ukishuka kwa kuwa furimazini inaisha, au joto limeshuka, au tyubu ina ukungu, bluu na kijani vinashuka pamoja, uwiano unabaki. Ukisoma bluu peke yake utadanganyika. Fungua picha kwenye ImageJ, programu ya picha ambayo ni bure, tenganisha rangi, chora duara kwenye kila tyubu, gawanya bluu kwa kijani. Kila unapoanza kazi weka pia tyubu yenye kijani peke yake na yenye bluu peke yake, maana bluu ya NanoLuc imesambaa, sehemu yake inaingia kwenye kijani cha kamera, lazima ujue ni kiasi gani.

Sasa sikiliza hapa. Piga picha kila dakika moja kwa dakika 30, usisubiri mwisho upige moja. RPA ikiiva, vipande vya DNA vinakuwa vingi mno kuliko protini zako, mara mia au zaidi, na dCas9 ya LgBiT inakaa kwenye kipande hiki, ya SmBiT inakaa kwenye kipande kile, hazikutani tena. Uwiano unapanda, unafika kilele, halafu unaanza kushuka. Mgonjwa mwenye virusi vingi sana ndiye atakayepanda mapema na kushuka mapema. Ukipiga picha moja dakika ya 30 unaweza ukamwona dhaifu kuliko mwenye virusi vichache, na ukiwa umeweka mstari wa kukata vibaya unaweza kumwita mzima kabisa. Kinachosomwa ni mkunjo mzima, na jibu la ndiyo ni pale uwiano ulipovuka mstari wakati wowote.

Mstari wa kukata unaupata hivi: endesha tyubu zisizo na kirusi nyingi, angalau 20, siku tofauti, watu tofauti, chukua wastani wa kilele chao jumlisha mara tatu ya mtawanyiko wao (standard deviation).

Hatua ya 6: Sampuli ya mgonjwa

Kwa Mpox, swabu ya kipele ndiyo bora, sugua kwa nguvu kiasi, kama kuna gaga lichukue, vipele viwili au zaidi. Damu ni mbaya kwa kazi hii, kirusi kinakuwemo kwa muda mfupi, na zaidi ya hapo DNA nyingi ya binadamu kutoka kwenye damu nzima inaizuia RPA, inazichukua protini zake zikahangaike na DNA isiyotuhusu.

Swabu inachovya kwenye bafa kidogo yenye sabuni ya maabara inayopasua kirusi, halafu inachemshwa. Joto na muda kamili vitoe kwenye mwongozo wa usalama wa maabara yako, na thibitisha kwamba kirusi kimekufa kabla mtu hajaitoa tyubu nje ya kabati. Mpaka hapo kazi yote ni ndani ya kabati la usalama, glavu, koti, na aliyechanjwa akiwepo ndiye ashike. Hili usilifanye kwenye kijimaabara cha nyumbani wala cha shule. Sabuni ikizidi nayo inaua RPA, kwa hiyo jaribu 0, 5 na 10 kwa mia ya sampuli kwenye mchanganyiko uone inavumilia wapi.

Hatua ya 7: Kontroli, bila hizi usimpe mtu jibu

Kila awamu iwe na tyubu ya maji matupu, tyubu ya DNA bandia iliyo dhaifu (iwe karibu na kikomo chako, ile kali itawaka hata kipimo kikiwa kimeharibika nusu), na tyubu ya jeni la binadamu kutoka kwenye swabu ile ile, wengi wanatumia RNase P. Hii ya tatu ndiyo inakwambia kama swabu ilimgusa mgonjwa kweli. Kirusi giza na RNase P giza, jibu sio mzima, jibu ni rudia swabu. Maji matupu yakiwaka, awamu nzima inatupwa, hata kama mgonjwa anasubiri mlangoni.

Na tyubu hazifunguliwi baada ya kazi. Kamwe. Tyubu moja iliyoiva ina mabilioni ya vipande na kufungua tu kofia kunarusha vingine hewani, vinatua kwenye pipeti, kesho kila mtu ana Mpox. Zifunge kwenye mifuko miwili, zipelekwe kuchomwa, na usizipitishe kwenye otoklevu ya maabara maana kofia zinapasuka humo ndani. Meza ifutwe kwa klorini, ispiriti peke yake haiharibu DNA.

Hatua ya 8: Kuthibitisha kwa namba

Kikomo cha utambuzi, yaani kiwango kidogo kabisa cha kirusi ambacho kipimo bado kinakiona: chukua kiwango unachodhani ndicho, endesha tyubu 20, zikiwaka 19 au zaidi hicho ndicho kikomo. Chini ya hapo panda kidogo, rudia.

Kisha linganisha na PCR kwenye sampuli za wagonjwa, anayesoma mwanga asijue PCR imesema nini. Na kuhusu idadi niseme wazi, mtu akikwambia alipima wazima 30 na hakuna aliyewaka kwa hivyo kipimo ni asilimia 100, mwambie chukua 3 gawanya kwa 30, yaani kosa la kweli linaweza kuwa hadi asilimia 10 na bado ukaona sifuri. Ukitaka kusema kosa ni chini ya asilimia 1 unahitaji wazima kama 300 wasiowaka hata mmoja.

Inaleta tofauti gani? Chukulia kipimo kinakamata wagonjwa 95 kati ya 100 na kinakosea wazima 2 kati ya 100, unasikia ni kizuri sana. Peleka mahali ambapo kati ya watu 10,000 wagonjwa ni 100. Watawaka wagonjwa 95, na wazima 198. Kati ya kila watatu walioambiwa wana Mpox, wawili hawana. Kwa hiyo usikitumie kupima kila anayepita mpakani, kitumie kwa mwenye vipele na homa, na aliyewaka athibitishwe kwa PCR huku ameshatengwa na kuanza kutibiwa dalili zake.

Hatua ya 9: Kukitoa maabara kukipeleka zahanati

Zahanati haina friza ya hasi 80. Protini na RNA elekezi zinahitaji kukaushwa kwa baridi pamoja na sukari kama trehalosi ili zikae joto la chumba, na lazima uzipime tena baada ya wiki, mwezi, miezi sita, kwenye joto la kweli la stoo ya Tabora au Garissa, sio nyuzi 25 za kwenye vitabu. Umeme ukikatika, chupa ya chai yenye maji ya nyuzi 40 na kipimajoto inashika RPA dakika 20 bila shida, ila tyubu zifungwe kwenye kifuko zisiingie maji.

Mpe mhudumu kazi tatu tu: swabu, kuchemsha, kuweka matone. Kusoma mkunjo aachiwe simu, programu ndogo ya kuhesabu uwiano sio ngumu kwa kijana anayejua Android. Halafu kaa naye siku nzima bila kumsaidia, uone anakwama wapi. Mara nyingi utakuta kinachomkwamisha ni vitu kama kofia ya tyubu isiyofungika na glavu.

Kabla hakijatumika kumwamulia mgonjwa lazima kisajiliwe, Tanzania ni TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), nchi nyingine zina mamlaka zao, na watakuuliza hayo hayo ya hatua ya 8 na uthabiti wa vitendanishi. Kikishasajiliwa, kila mwezi pakua jenomu mpya zilizowekwa wazi, zipange na praima zako na RNA elekezi zako, na herufi ikibadilika kwenye PAM au kwenye zile 10 za jirani, jaribu kwenye DNA bandia wiki hiyo hiyo. Tyubu moja ya zile mbili zilizolenga sehemu tofauti ikianza kubaki giza huku nyingine inawaka, usiite kosa la mhudumu, tuma hiyo sampuli ikasomwe jenomu nzima.